Kabla hujachomeka flashi kwenye gari la familia, pita kwanza Gerezani

Ukipanda mwendokasi kutoka Kimara, ukapita Magomeni na Fire, kisha basi likakata Msimbazi hadi kituo cha mwisho cha Gerezani, masikio yatakuambia umefika kabla ya macho. Kuna mlio wa grenda, kuna nyundo, kuna honi za bodaboda wanaotafuta upenyo katikati ya watu. Na ndani ya kelele zote hizo, utasikia sauti ya mwanamke akiongea Kijapani kwa upole.

Mwanamke mwenyewe hayupo. Ni gari limewashwa swichi. Wenye magari wengi hudhani dada huyo anawasalimia, na wengine humwitikia kwa utani. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara za kulipia haijawekwa. Barabara hizo ziko Japani, na gari liko Dar es Salaam, lakini hakuna aliyemwambia.

Kuanzia hapa hadi upande wa Ilala, spea za magari ya mtumba zimejaa kila kona. Milango ya Noah imeegemezwa ukutani, taa za IST zimepangwa juu ya turubai, saiti mira zinaning'inia kwenye kamba. Mafundi wa bodi wako juani. Mafundi wa umeme wamejibanza kivulini, kwa sababu wao kazi yao ni kusoma skrini, na jua la saa saba mchana halikuachii uone maandishi.

Mimi huandika habari za afya, na kilichonileta huku ni ujumbe wa msomaji. Ni mama mwenye mtoto mchanga. Mumewe alikuwa amepakua programu mpya ya skrini ya gari lao kutoka mtandaoni. Maelekezo yalisema gari liachwe likiunguruma mpaka kazi iishe, karibu saa nzima. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, hivyo baba alipanga kuifanya kazi hiyo ndani ya gereji ya nyumbani. Mama aliuliza jambo moja tu: je, anaweza kukaa humo garini na mtoto, wapate kiyoyozi wakati wanasubiri?

Jibu la upande wa afya nilikuwa nalo, na nilimpa siku ileile. Upande wa skrini ulihitaji watu wanaoshinda nazo kila siku.

Gari lililozaliwa kwingine

Fundi niliyeelekezwa kwake ni mtu mzima, na vijana wote wa eneo lile humwita Mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Chini ya meza yake kulikuwa na rundo la redio za magari zilizokufa, nyingine bado zina vumbi la safari ya meli.

Alinianzisha mwanzo kabisa. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, ndiyo maana magari yao yaliyotumika yanatufaa. Lakini ndani ya dashibodi kila kitu kilitengenezwa kwa ajili ya Mjapani. Redio ya FM kule ilipangiwa masafa ya 76 hadi 90, na miaka ya karibuni yakaongezwa hadi 95. Stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Ndiyo sababu unaweza kununua gari zuri, likawa na spika nzuri, na bado usipate stesheni unayoipenda mpaka ufungiwe kile kidude cha kuhamisha masafa.

Ramani nayo ni hivyohivyo. Redio nyingi za Toyota huhifadhi ramani kwenye memori kadi. Kadi hiyo mara nyingi hupotea njiani kabla gari halijamfikia mnunuzi. Gari likifika, redio inaendelea kufanya kazi hadi siku betri inapochomolewa. Ikirudishwa, skrini inadai ile kadi au namba ya siri ya kuifungua, tena inadai kwa Kijapani. Hapo mwenye gari huona redio imekufa ghafla, wakati yenyewe inaona imeibwa na inajilinda.

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia mtandaoni. Wanaandika jina la gari, wanakuta faili, wanapakua, wanaweka kwenye flashi. Mzee alicheka akitoa mfano mmoja. Kuna wanaohangaika usiku kucha kupata programu rasmi ya redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Wakifanikiwa, wanapata barabara mpya za Osaka. Kijapani kinabaki palepale, na Bunju haimo kwenye ramani. Redio ya aina hiyo haikutengenezwa ijue lugha nyingine, na kuiwekea toleo jipya hakuigeuzi kuwa redio ya Tanzania.

Kinachoua skrini

Mafundi vijana wana neno lao, "kuflashi". Maana yake ni kufuta programu iliyomo ndani ya skrini na kuandika nyingine mahali pake. Neno ni jepesi, lakini kati ya kufuta na kuandika kuna muda ambao skrini haina akili yoyote. Likitokea jambo katika muda huo, haiwezi kujiwasha tena hata ili upate nafasi ya kurekebisha.

Nilimuuliza zile zilizoko chini ya meza zilikufa na nini. Sababu hazikuwa nyingi.

Ya kwanza ni faili lisilo lake. Magari mawili yanaweza kuwa na jina moja, mwaka mmoja na rangi moja, lakini redio zao zikatoka viwanda tofauti. Namba ya kweli iko kwenye kibandiko cha redio yenyewe, na mara nyingi huioni mpaka uifungue. Wanaopakua kwa kufuata jina la gari wanabahatisha.

Ya pili ni umeme kushuka. Betri nzima ya gari ikiwa imezimwa injini husoma karibu volti 12.6. Ukiwasha swichi peke yake, ukaacha feni, taa na skrini vikifanya kazi kwa nusu saa, betri iliyochoka inashuka. Mwenye gari anaona taa zimefifia kidogo. Skrini yenyewe inakuwa imekatwa katikati ya kuandika.

Ya tatu ni faili lililochezewa au flashi bovu. Faili linapitia kundi la Telegram, mtu anaongeza mambo yake, mwingine analifupisha, na likifika kwako hujui tena limebeba nini. Flashi ya bei ya chini nayo inaweza kunakili nusu vizuri na nusu vibaya, bila kukuonyesha kosa lolote.

Ya nne inahusu wanaokata tamaa na redio ya Kijapani wakanunua skrini ya Android na kuifunga wenyewe. Kamera ya nyuma iliyokuja na Toyota nyingi hutumia umeme wa volti 6. Skrini mpya na kamera zinazouzwa nayo hutumia volti 12. Ukiunganisha waya kwa kufuata rangi tu, kamera inakufa siku hiyohiyo.

Jicho la nyuma

Ilipotajwa kamera ndipo nilipoweka kalamu sawa. Skrini ikifa, wengi wetu tunalalamikia muziki. Kwa familia, muziki ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Nchini Marekani, tangu Mei 2018 magari yote madogo mapya yanatakiwa kuwa na kamera ya nyuma. Sheria iliyoleta takwa hilo ilipitishwa baada ya mtoto wa miaka 2 kugongwa nyumbani kwao na gari lililokuwa likirudi nyuma. Aliyekuwa kwenye usukani ni baba yake mzazi. Hakuwa mzembe. Mtoto wa umri huo akisimama nyuma ya gari la juu, kioo cha ndani hakimuoni, na saiti mira zinaweza zisimuone pia.

Tafakari nyumba zetu. Uwanja wa kuegesha gari ndio huohuo wa kuanikia nguo, wa kuchezea mpira wa makaratasi, na wa kumwogeshea mdogo kwenye beseni. Dereva aliyezoea kamera kwa miaka mitatu ameshajenga tabia. Akiweka gia ya kurudi nyuma, macho yanakwenda kwenye skrini yenyewe. Siku skrini ikibaki nyeusi, au picha ikichelewa sekunde chache kwa sababu programu mpya haikukaa sawa, tabia ile ya kugeuza shingo imeshapotea.

Hata kampuni kubwa zimeumia kwa jambo hili. Februari 2021, Tesla iliyaita magari yake yapatayo 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani kwa ajili ya marekebisho. Kifaa cha kumbukumbu ndani ya skrini kilikuwa kikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kilipokufa, kamera ya nyuma ilizima, na dereva akakosa hata mahali pa kubonyeza ili kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Mamlaka za usalama barabarani hazikulichukulia kama suala la redio. Zililiona ni suala la ajali.

Januari 2022, katika eneo la Seattle, wenye Mazda za kati ya 2014 na 2017 walishangaa redio zao zikijizima na kujiwasha bila kukoma. Stesheni moja ya pale, KUOW, ilikuwa imerusha picha ndogo za kuonekana kwenye skrini, na mafaili ya picha hizo yalikosa sehemu ya mwisho ya jina inayoitambulisha aina ya faili. Skrini hazikujua zifanye nini, zikaganda. Hakuna aliyechomeka chochote, walisikiliza tu redio. Ikiwa faili dogo namna hiyo, kutoka stesheni halali, limefanya hivyo, la kwenye kundi la watu usiowajua linahitaji kuogopwa zaidi.

Na kuna lile la Julai 2015. Watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wameketi nyumbani waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu, kwa kupitia mfumo wake wa redio na intaneti. Dereva alikuwa mwandishi wa habari aliyekubali kujaribiwa. Walipandisha muziki, wakawasha waipa, kisha wakalifanya gari lipoteze nguvu katikati ya magari mengine. Kampuni ya Fiat Chrysler ikayaita magari milioni 1.4, na wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta ili waingize programu ya marekebisho wao wenyewe. Wataalamu wa usalama wa kompyuta walilalamika wakati ule. Ukimzoesha mtu kuchomeka kila flashi inayokuja kwa bahasha, siku moja bahasha itatoka kwa mhalifu.

Sisemi kwamba kuna mtu Dar es Salaam anayengoja kuiteka Vitz yako. Ninachotaka msomaji aone ni kuwa waya za skrini haziishii kwenye spika. Kwenye magari mengi ya sasa, skrini inazungumza na kompyuta nyingine za gari.

Saa nzima ya kusubiri

Sasa turudi kwa mama na mtoto wake mchanga. Maelekezo ya kuacha injini ikiunguruma si ya uongo. Yapo hata kwenye maelekezo rasmi ya baadhi ya watengenezaji, kwa sababu injini ikiwaka betri hupata karibu volti 14 na skrini haikatikiwi umeme. Lakini maelekezo hayohayo husema gari liwe mahali penye hewa ya kutosha. Sentensi hiyo ndiyo inayorukwa.

Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Unayoisikia harufu ni moshi mwingine. Gesi hii ikiingia kwenye mapafu hushikana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ya oksijeni yenyewe. Mwili unaendelea kupumua, damu inaendelea kuzunguka, lakini hewa safi haifiki kwenye ubongo na moyo. Nchini Marekani peke yake, gesi hii huua zaidi ya watu 400 kila mwaka mbali na ajali za moto.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa kawaida: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kisha kuchanganyikiwa. Aliyelala haamki. Mtoto mchanga hasemi kichwa kinauma, analegea tu, na mzazi anaweza kudhani amepata usingizi. Mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Kuacha geti la gereji wazi nusu hakutoshi. Kufunga vioo vya gari na kuwasha kiyoyozi hakutoshi pia, kwa sababu hewa inayoingia garini ni ileile ya gereji. Na kama gereji imeshikana na nyumba, gesi hupita mlangoni hadi vyumbani.

Wenye magari ya haibridi kama Aqua na Prius wana mtego wao. Gari likiwa limewashwa linaweza kukaa kimya kabisa, mtu akadhani limezimwa. Betri kubwa ikipungua, injini inajiwasha yenyewe. Unaweza kuwa umeingia ndani kula chakula cha usiku, na gari gerejini limeanza kutoa moshi bila wewe kusikia.

Ikitokea mtu amelewa moshi, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, zima gari ikiwa unaweza bila kuhatarisha maisha yako, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Mwambie daktari kwamba alikuwa karibu na gari lililowashwa. Neno hilo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye taabani.

Wapo wanaokwepa moshi kwa kuzima injini, kisha wanamwacha mtoto kwenye kiti cha nyuma wakati baba anahangaika na flashi mbele. Kwa jua letu, joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10. Mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo jibu la mama lilikuwa fupi: gari litoke nje kabisa, na wewe na mtoto mbaki ndani ya nyumba.

Wanavyofanya wanaojua

Kabla sijaondoka, Mzee alikuwa na kazi mkononi, Forester ya familia moja. Nilikaa nikatazama.

Hakuanza na flashi. Alianza kwa kuitoa redio na kupiga picha kibandiko chake. Akalinganisha namba na faili, herufi kwa herufi. Akapima betri. Kisha akachomeka chaja ya kushikilia umeme wa betri, gari likiwa limezimwa injini na limesimama mahali pa wazi. Nikamuuliza, na umeme wa TANESCO ukikatika? Akasema ndiyo maana hapimi chaja tu, anapima na betri, ili umeme ukikatika betri ibebe mpaka mwisho.

Kabla ya kufuta chochote alinakili programu ya zamani na kuihifadhi. Huo ndio mstari anaoutumia kumtambua fundi, hata kama ni kijana wake mwenyewe. Swali lake ni moja: "Ukikwama, utarudi vipi?" Asiye na jibu haruhusiwi kugusa.

Kwa wenye magari mapya ambayo mtengenezaji anaruhusu mwenye gari kusasisha mwenyewe, Mzee haoni ubaya. Programu itoke kwa mtengenezaji, ilingane na namba ya gari lako, usiifanye ukiwa barabarani, na usiianze usiku wa kuamkia safari ya Moshi au Mbeya. Kwa gari la mtumba lililotengenezewa soko la Japani, ushauri wake ni kwamba mara nyingi hakuna unachokifuata huko. Kama shida ni FM, kidude cha masafa kinatosha. Kama shida ni ramani, simu unayo.

Skrini ya Forester iliwaka baada ya dakika thelathini na kitu. Kijana aliyekuwa pembeni aliruka kuongeza sauti ya muziki, akakatazwa. Mzee aliweka gia ya kurudi nyuma, mguu ukiwa kwenye breki, akamwambia kijana achukue ndoo nyekundu ya maji na kuiweka chini, hatua moja nyuma ya bampa. Ndoo ikaonekana kwenye skrini. Akamwambia aisogeze kulia, kisha kushoto, huku yeye akihesabu picha inachukua muda gani kubadilika.

Nilimuuliza kwa nini ndoo, kwa nini kijana asisimame tu mwenyewe. Akanijibu kuwa kijana ni mrefu, hata kioo cha ndani kinamuona. Ndoo ile iliyowekwa juu ya kigoda ina kimo cha mjukuu wake, na ndivyo alivyofanya mara ya pili: akaagiza kigoda nilichokalia, nikasimama, ndoo ikawekwa juu yake, na gari likajaribiwa tena kabla mwenyewe hajapewa ufunguo.